Piga Picha ya Taa Iliyokufa, Wacha ya Kijana

Wasee, leo hakuna mchezo. Wale mmenizoea kwa video za makanga na landilodi, nipeni dakika kumi za kusoma tu. Nataka tuongee kuhusu usalama hapa kwetu Riruta Satellite, na kwa majirani zetu wa Kawangware na Kibera. Kila mtu ako na maoni kuhusu hii stori, lakini wale wanaongelewa sana, yaani vijana, hawaulizwangi kitu.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usiseme nimekuzungusha. Polisi jamii ni kitu ya maana na tunaihitaji. Lakini hii tunafanya saa hii, ya kurusha picha ya kijana kwenye grupu la WhatsApp na kuandika "mkimwona mnajua cha kufanya", hiyo ni hukumu bila kesi. Inaua watu, na haijawahi kurudisha simu ya mtu.

Kwanza tukubaliane: watu wanaumia. Mama anayetoka saa kumi na moja asubuhi kuenda Marikiti kuchukua nyanya anaficha pesa ya biashara ndani ya nguo, halafu anaomba Mungu kutoka mlangoni hadi stejini. Soja anayerudi kutoka zamu ya usiku, dada wa saluni anayefunga saa tatu, mwanafunzi anayeshuka Naivasha Road na kuingia ndani giza limeshika: wote wanajua kona gani huwanga na ngeta. Na ukipigwa ngeta unabaki na koo inauma pamoja na deni, kwa sababu ile simu uliichukua ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Mwizi anatumia, wewe unalipa.

Kwa hivyo mtu akiniambia anataka wezi washikwe, tuko pamoja. Shida iko kwa njia.

Hebu turudi nyuma kidogo. Hii mambo ya Nyumba Kumi haikuzaliwa Kenya. Ilianzia Tanzania miaka ya 1960, chama cha TANU kikipanga watu kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Balozi alikuwa mtu wa chama, lakini ndiye pia alisuluhisha ugomvi wa majirani na kujua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amehamia. Kenya tuliichukua 2013, baada ya shambulizi la Westgate la tarehe 21 Septemba lililoua watu 67. Sasa ona: tuliipokea tukiwa na uoga. Ujumbe uliofika mtaani ulikuwa mmoja, mjue jirani yako na uripoti mgeni.

Na hata kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu. Kibera, hapa tu ng'ambo ya Ngong Road, ilikuwa moja ya sehemu mbili za majaribio ya polisi jamii pamoja na Isiolo, kwenye mradi wa shirika la Saferworld ulioanza 2003. Aprili 2005 Rais Kibaki akazindua mpango wa taifa kule Ruai. Halafu ikaingia kwenye sheria. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka kuwe na kamati ambazo raia na polisi wanakaa pamoja, wanataja shida za mtaa na kutafuta dawa. Kwa hivyo mtu asikuambie ni fadhili ya OCS fulani. Ni haki yako iliyoandikwa.

Sasa fikiria "ripoti mgeni" ikiingia Satellite. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 434,208 Dagoretti, kwenye eneo la kama kilomita mraba 29. Hiyo ni karibu watu 15,000 kwa kila kilomita mraba moja. Chukua ploti ya kawaida ya hapa, ghorofa sita, kila ghorofa milango minane. Hiyo ni milango 48 chini ya paa moja. Nyumba kumi hapa ni korido moja na milango miwili ya korido ya juu. Na kila mwisho wa mwezi mkokoteni uko nje, mtu anahama, mwingine anaingia. Mwaka mmoja unaweza kuwa na majirani watatu tofauti kwenye ukuta mmoja na hujui jina la hata mmoja.

Kwa mtaa kama huo, kila mtu ni mgeni. Na ukiambia watu waripoti mgeni mahali kila mtu ni mgeni, wanachagua yule anayewatisha kwa macho. Huyo ni nani? Kijana. Mwenye rasta, mwenye hudi, mwenye kukaa besi na wenzake saa nne asubuhi siku ya kazi. Hakuna mtu amewahi kuripoti mzee mwenye koti na kalamu mfukoni, hata kama ndiye ananunuanga zile simu za wizi na kuziuza tena.

Lakini kuna watu wanaojua huu mtaa kweli kweli. Keyateka anajua nani amehamia, alikuja na nini na analala saa ngapi. Watu wa bodaboda wanajua nani hushukishwa wapi usiku wa manane. Mama wa mandazi anayewasha jiko kabla ya adhana anaona kila anayepita. Kijana wa kubeba maji anaingia kila ploti na anajua mlango gani umevunjwa kufuli. Hawa ndio mabalozi wa kweli wa Satellite. Sasa jiulize ni wangapi kati yao wamewahi kuitwa kwenye kikao cha usalama.

Mimi nimeenda hivyo vikao. Mara nyingi ni katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Nani ako huru saa nne asubuhi Jumanne? Wenye ploti, wazee waliostaafu na mtu wa siasa anayetafuta kusalimia watu. Sisemi hawa ni watu wabaya. Wazee wa Nyumba Kumi wengi wanajitolea bila mshahara, wanagongewa mlango usiku na ugomvi wa bwana na bibi, heshima yao iko. Lakini kwenye kile kikao kijana huwa ajenda namba tatu, kati ya takataka na maji. Anajadiliwa kama mfereji. Akiingia mwenyewe, watu wanashika mifuko.

Sasa nifike kwa WhatsApp. Miezi michache iliyopita kwenye grupu la jirani zetu mtungi wa gesi ulipotea koridoni. Ndani ya nusu saa kukarushwa picha ya kamera, kijana mwenye hudi akipita karibu na huo mlango. Picha haikumwonyesha na mtungi. Ilimwonyesha akipita. Kufika jioni ilikuwa imefowadiwa kwenye magrupu mengine, na kila ikifika mahali mpya neno moja linaongezwa. "Anashukiwa" ikawa "ameiba". "Ameiba" ikawa "ni wale wa kikundi cha kule chini". Watu wakaniandikia niiposti, kwa sababu niko na wafuasi wengi kuliko grupu. Nikakataa. Nikaambiwa natetea wezi.

Yule kijana wengi tulimjua kwa sura. Alikuwa anabebea watu maji, shilingi chache kwa mtungi, na sababu ya kupita kwa hiyo korido kila siku ilikuwa hiyo kazi. Alikaa siku mbili ndani, kisha akaenda ocha. Mpaka leo hatujui nani aliiba ile gesi. Tunachojua ni kwamba mtungi haukurudi, kijana amepoteza kazi, na kama mwizi alikuwa mwingine, bado ako hapa na sisi, amestarehe, na yuko kwenye grupu pia.

Wenye mko kwa intaneti kitambo mnakumbuka zile akaunti za Facebook za jina Hessy, huko Kayole na Dandora. Sura za vijana zilikuwa zinawekwa na onyo, wabadilike ama wajue siku zao zimehesabiwa. Baada ya muda, picha za maiti. Na chini yake mamia ya watu wakishangilia na kuomba wengine waongezwe. Baadhi ya hao vijana huenda walikuwa wezi kweli. Wengine hatutawahi kujua, kwa sababu hakuna hakimu aliyewasikiza. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshukiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Hakina mstari unaosema "isipokuwa wa Eastlands na Kawangware".

Mimi hii kazi ya kutengeneza video najua vile inafanya. Picha ya mwizi inaenda mbio kuliko kitu kingine chochote nikiposti. Ningetaka wafuasi wa haraka, ningefungua ukurasa wa kuanika vijana wa mtaa na kufika mwisho wa mwaka ningekuwa na matangazo. Ndio maana naogopa. Kitu ikilipa hivyo, hakutakosekana mtu wa kuifanya.

Sasa najua swali lako: "Na wale wanashikwa leo, kesho wako nje, tufanye aje?" Hili ni swali halali, na nafikiri ndilo linalochoma watu tairi shingoni. Wacha tulijibu pole pole. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na anaweza kupewa dhamana mpaka kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Kwa hivyo kuona mtu mtaani baada ya siku tatu haimaanishi kesi imekufa. Inaweza kumaanisha kesi imeanza. Inaweza pia kumaanisha kuna mtu alipewa kitu kidogo. Shida ni kwamba wewe uliyeibiwa huambiwi ni gani kati ya hizo mbili. Unaona sura tu, unajaza mwenyewe.

Hapo ndipo polisi jamii inavunjika. Sisi tunaombwa tupeleke habari, lakini habari hairudi. Unataja jina, unahatarisha maisha yako, halafu kimya. Ukiwa na bahati mbaya zaidi, yule uliyemtaja anakuja kukuuliza mbona ulimtaja. Baada ya hapo utapiga ripoti tena? Watu wengi hapa wakiibiwa simu hawaendi hata kuandikisha, wanasema ni kupoteza nauli. Kwa hivyo siku ukisikia kiongozi akisema uhalifu umepungua mtaani, muulize swali moja tu: umepungua barabarani ama umepungua kwenye kitabu cha OB?

Na imani haiji kwa hotuba. Tarehe 30 Machi 2020, wakati wa kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa balkonini kwao Kiamaiko. Juni 2025 Albert Ojwang', mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Alikuwa mtu wa rika letu. Mimi mwenyewe nimesimamishwa usiku nikitoka kurekodi, nikaulizwa kamera nimeiba wapi, na nikalazimika kuonyesha video zangu kwa simu ndio niachiliwe. Kijana aliyepitia hayo, ukimwambia kesho "polisi ni rafiki yako, mletee majina", atakucheka.

Lakini sitaki kumaliza na kulia, kwa sababu kuna mifano ilifanya kazi.

Francis Kariuki alikuwa chifu wa Lanet Umoja, Nakuru. Mwaka wa 2012 alijulikana dunia nzima kwa kutumia Twitter kwenye kata yake. Kuna usiku saa kumi wezi waliingia kwa mwalimu mmoja. Chifu akapigiwa, akaandika ujumbe mfupi, majirani wakaamka wakatoka, wezi wakatoroka. Siku nyingine anatangaza mtoto aliyepotea, siku nyingine kondoo. Alifariki 2020, lakini somo lake liko wazi: alitumia simu kuita watu waje kusaidia jirani. Ujumbe ulikuwa unasema shida iko wapi. Hiyo ndiyo kazi grupu la mtaa linafaa kufanya. "Kuna vurugu karibu na kanisa, msipitie huko." "Mlango wa mama fulani unagongwa, tokeni." Sura ya mtu haihitajiki hapo.

Pili, taa. Watu wa Nairobi tuliwahi kuzipa zile taa kubwa za mlingoti jina "mulika mwizi", na jina lenyewe linakuambia kila kitu. Zikiwaka, mama wa mboga anauza mpaka saa tatu, watoto wanacheza, watu wanapita, na mahali penye macho mengi mtu wa ngeta hana nafasi. Hii si hadithi ya mtaani tu. Mwaka wa 2016 jiji la New York liliweka taa kubwa za muda kwenye mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Watafiti wakapata kwamba uhalifu mkubwa wa nje usiku ulipungua kwa kama asilimia 36. Taa haiulizi mtu kabila, haitaki kitu kidogo, na haijawahi kupiga kijana risasi.

Tatu, kazi. Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu nachukia ile lugha ya "vijana wapewe kazi ndio waache kuiba". Wengi wetu tuko sota na hatujawahi kugusa cha mtu. Mimi niliacha campo kwa sababu ya karo, na sikuenda kukaba mtu. Umaskini na wizi ni vitu viwili. Lakini pia ni kweli kwamba kijana akiwa na mahali pa kuenda asubuhi, yule anayemwita kwa biashara mbaya anampata kwa shida. Mwaka wa 2020 kulikuwa na Kazi Mtaani, na kwenye awamu ya pili malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku. Ilikuwa pesa kidogo na ilikuwa ya muda. Lakini wale vijana walioonekana hatari wakiwa besini walionekana kama wafanyakazi wakiwa na jembe kwenye mtaro. Kilichobadilika ni kwamba mtaa ulianza kuwajua majina.

Kwa hivyo mimi naomba nini? Vitu vinne, na hakuna kimoja kinahitaji bajeti ya bunge.

Kikao cha usalama kiwekwe Jumapili jioni, na viti viwili viwe vya walio chini ya miaka 25, mmoja msichana. Aitwe pia keyateka na mtu wa bodaboda.

Kila kikao kianze na ripoti ya polisi kwetu, kabla ya sisi kutoa ripoti kwao. Kesi ngapi zimefika kortini, ngapi zimekwama, na kwa nini. Bila majina ya mashahidi.

Ukiibiwa, andikisha na utoke na namba ya OB. Najua inachosha. Lakini kisichoandikwa hakiwezi kudaiwa. Kama unaogopa kuonekana kituoni, kuna laini ya bure ya DCI, 0800 722 203. Na kama aliyekukosea ni polisi, IPOA iko kwa 1559. Hiyo ni mamlaka iliyoundwa kisheria 2011 kuchunguza polisi, itumieni.

Ya nne ni yetu sisi wa mitandaoni. Picha ya kamera ipelekwe kwa mpelelezi, isirushwe kwenye grupu. Admini akiona sura ya mtu na neno "mwizi", afute kabla haijatoka nje. Kama huwezi kulala bila kuposti, basi toka usiku na mwenzako, piga picha ya taa iliyokufa, andika iko karibu na duka gani na imezima tangu lini, halafu umtaje mwakilishi wa wadi. Riruta iko na wake, Kawangware iko na wake, na kura zao wanazitaka.

Kuanzia wiki hii ukurasa wangu utakuwa wa hizo taa. Nitumieni za Kabiria, za Ng'ando, za Gatina, za Congo, za Kibera kuanzia Makina hadi Laini Saba. Nitaziweka zote kwa ramani moja, na kila mwezi tutahesabu ngapi zimewaka. Sura ya mtoto wa mtu usinitumie. Sitaiweka.